Mkanda Ulioondoka Wenyewe

Kazi yenyewe ilinichukua dakika mbili. Nilipanda ngazi za chumba cha paneli, nikabonyeza vitufe vya draivu hadi nikafika kwenye mpangilio niliokuwa nautafuta, nikabadilisha sifuri ikawa moja, nikahifadhi, nikashuka. Mzee alikuwa ananisubiri chini kando ya mkanda wa kubebea majani ya chai, akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

Akabonyeza kile kitufe chekundu. Mkanda ukasimama. Akakizungusha kikaruka juu, na mkanda ukaondoka wenyewe, umebeba majani yake kana kwamba haukuwahi kusimama. Mzee akapiga makofi, akacheka mpaka nikaona pengo la jino lake.

"Mwari," akasema, "leo umeniponya goti."

Nimeieleza siku hiyo mara nyingi, kwa watu wenye haki ya kuuliza na kwa wasio nayo, na kila mara naanzia kwenye kile kicheko. Sitaki mtu adhani nilifanya kwa uzembe au kwa haraka. Nilifanya kwa kumpenda yule mzee. Hilo halijanisaidia kitu.

Mimi ni wa Embu, kule chini kwenye joto, kuelekea Mbeere, kwa watu wa ndengu na mbuzi. Nilisomea umeme chuoni, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha chai cha mtu binafsi, juu ya Kanyakine, kule Meru, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya karakana. Fundi mwanamke nilikuwa peke yangu. Kimeru changu kilikuwa Kiembu kilichopotea njia. Nikitamka neno, wanawake wa kuchambua majani wanalirudia na kucheka. Wiki ya kwanza nilikula chakula cha mchana nyuma ya jenereta ili nisiongee na mtu.

Mzee ndiye aliyenitoa huko. Alikuwa amepita miaka hamsini, na kazi yake ilikuwa kuangalia mkanda wa kuchachushia. Majani yakishakatwa humwagwa juu ya mkanda mrefu unaokwenda polepole, na humo njiani yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba kabla ya kuingia kwenye kikaushio. Wengine hutumia saa. Yeye alichukua majani kidogo, akayafinya, akayanusa, akasema "bado" au "sawa". Siku moja akanikuta nyuma ya jenereta, akapindua ndoo, akaikalia, akafungua chombo chake cha mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na kunipakulia nusu kwenye kifuniko.

"Kwenu binti mnamwitaje?" akaniuliza.

"Mwari."

"Hata sisi. Basi lugha ni moja. Hawa wanacheka tu kwa sababu wana meno."

Tangu hapo aliniita mwari, na wengine wakamfuata. Alinifundisha kusalimia kwa Kimeru bila kuchekwa. Alinionyesha mahali pa kupanga chumba kisichovuja. Mama yangu alipougua mwaka ule, yeye na mkewe walinipa mfuko wa nduma nimpelekee, wakati hawajawahi kumwona.

Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu ujana, alipoanguka na gunia la kahawa mgongoni. Kutembea alitembea. Ngazi ndizo zilizomshinda, na swichi ya kuwasha mkanda ilikuwa juu, kwenye chumba cha paneli.

Lazima niieleze hiyo draivu, maana bila kuielewa mtu hataelewa tulichofanya. Ni sanduku linalokaa kati ya umeme na mota, na ndilo linaloamua mota izunguke ama isizunguke, na kwa kasi gani. Kwenye ile yetu kulikuwa na waya mbili za maana. Ya kwanza ilitoka kwenye swichi ya juu. Hiyo ilibeba amri. Ya pili ilizunguka ukumbini, ikapita kwenye vitufe vyekundu vya dharura, kisha ikarudi kwenye tundu lake; hiyo ilibeba ruhusa. Ruhusa ikikatika, mota inasimama hata kama amri bado ipo. Sasa ruhusa ikirudi, mota ifanye nini? Ukiwa umeweka sifuri, inatulia mpaka mtu apande juu, azime swichi na kuiwasha upya. Ukiwa umeweka moja, inaikuta ile amri ya mwanzo ingali inasubiri, na inaitii papo hapo.

Aliyefunga mashine zile aliweka sifuri. Kwa hiyo kila majani yalipokwama mzee alibonyeza kitufe, akakwamua, akafungua kitufe, kisha akapanda ngazi akishika ukuta. Msimu wa mvua majani huja na maji, yanashikana kama ugali, na alikuwa akipanda na kushuka zamu nzima. Nilimwona mara moja amekaa katikati ya ngazi, ameshika goti kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Mwari," akasema, "hii mashine haiwezi kuamka yenyewe? Nikifungua kitufe si ijue tumemaliza?"

Nilimwambia nitasoma. Kitabu cha draivu kilikuwa kwenye droo, na ule mpangilio nilioutaka ulikuwa umeelezwa vizuri. Pembeni mwa maelezo kulikuwa na pembetatu yenye alama ya mshangao, na onyo kwamba mota inaweza kuanza bila mtu kutarajia. Nililisoma onyo hilo. Nililisoma mara mbili. Nikamwendea mzee nikamweleza: kuanzia leo, kitufe kikifunguka mkanda unaondoka, kwa hiyo mkono wako uwe nje kwanza. Akaniuliza kama namwona mtoto.

Sikumwambia mtu mwingine. Sikuandika popote. Kiwanda kilikuwa na mikanda miwili inayofanana kama mapacha, na mimi nilibadilisha mmoja tu, ule wa mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba. Kila mtu aliyejua mashine zile aliendelea kuamini kwamba ukifungua kitufe hakuna kinachosogea. Imani hiyo ilikuwa kweli kwa mkanda wa pili. Kwa mkanda wa mzee nilikuwa nimeigeuza uongo, kimyakimya.

Miezi saba ikapita salama.

Mwezi wa nane, watu wa zamu walihamishwahamishwa. Kwenye mkanda wa mzee aliletwa mwenzake mpya kutoka mkanda wa pili, mwanamume wa makamo, Mwislamu wa Meru mjini, ambaye ndugu zake ni wachinjaji. Alikuwa mtu mtulivu. Saa ya swala alitandika gunia safi nyuma ya stoo, akimaliza analikunja vizuri na kulirudisha. Yeye na mzee walipatana haraka. Nilisikia wakibishana kuhusu nyama ipi ni tamu, ya mbuzi wa Kianjai au ya mbuzi wa kwetu Embu.

Siku yake ya tatu pale, saa nne asubuhi, majani yalijifunga kwenye rola ya mwisho, kule mkanda unapoingilia kikaushio. Mzee akabonyeza kitufe cha katikati, akazunguka nyuma ya bamba la chuma lililokinga rola, akachuchumaa kwa lile goti lake, akaingiza mkono wa kushoto kung'oa majani. Pale alipochuchumaa bamba lilimficha. Mwenzake alitoka mwanzo wa mkanda akakuta umesimama, majani yanarundikana, kitufe kiko chini na hakuna mtu. Alijua goti la mzee. Akafikiri amsaidie: afungue kitufe, kisha apande yeye mwenyewe juu kuwasha. Kwa mkanda aliouzoea, hilo lilikuwa jambo la wema tu.

Nilikuwa karakana. Sauti niliyoisikia sikuitambua kuwa ya mtu.

Nilipofika mkanda ulikuwa umeshasimamishwa. Yule mwenzake alikuwa amebonyeza kitufe na bado amekishikilia kwa viganja vyote viwili, kana kwamba akikiachia kitainuka. Wanaume walifungua rola kwa spana. Mzee hakulia tena. Aliniona. Walimfunga mkono kwa koti la mtu, wakambeba hadi kwenye gari la kiwanda, na watu wote wakalifuata mpaka langoni.

Mimi sikulifuata. Nilipanda juu. Nilipitiliza mpangilio wenyewe mara mbili, lakini niliufikia, nikabadilisha moja ikawa sifuri, nikahifadhi. Nilijiambia ni kwa usalama wa wengine. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitazama mlangoni kwanza kuona kama kuna mtu.

Mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko, siku hiyohiyo.

Mkaguzi kutoka serikalini alikuja baada ya siku mbili, mtu makini mwenye daftari. Alimhoji yule mwenzake mbele ya meneja na mbele yangu.

"Nilifungua kitufe peke yake," yule mwanamume alisema. "Sikupanda juu. Wallahi sikugusa swichi. Mkanda uliondoka wenyewe."

Mkaguzi akasema tujaribu. Akawasha mkanda, akabonyeza kitufe, mkanda ukasimama. Akakifungua. Tukasubiri. Mkanda ulitulia tuli. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ulitulia, na kila mara uso wa yule mwanamume ulizidi kupauka. Alinigeukia mimi, fundi, mtu anayejua mashine.

"Dada, si ungewaambia? Inaweza kuondoka yenyewe?"

"Kwa jinsi ilivyo sasa, hapana," nikasema.

Nilichagua maneno hayo kwa uangalifu. Hayakuwa na uongo ndani yake, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuyashinda.

Mkaguzi aliandika kwamba inaelekea mtu aliwasha swichi bila kuangalia. Mtu mwenyewe alijulikana. Meneja alimwambia akae nyumbani kwanza. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika sokoni Kanyakine, na mtu mmoja akaongezea kwamba yeye na mzee walikuwa wamegombana. Walikuwa wamebishana kuhusu nyama ya mbuzi.

Nilikwenda hospitali Jumapili. Mkewe alikuwa amekaa kando ya kitanda, anamnywesha uji kwa kijiko, na mzee anageuza shingo kwa aibu. Aliponiona akamwomba mkewe akamtafutie maji ya moto. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akachukua chupa yake, akatoka.

"Mwari," mzee akasema. "Nilimwambia yule wa daftari kwamba ilijiamsha. Akaniambia wamejaribu, haijiamshi."

Nikaketi pale mkewe alipokuwa.

"Uliirudisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Lini?"

"Siku ileile. Mlipokuwa mnaondoka."

Akageuza uso akatazama dirisha. Mkono uliofungwa ulikuwa juu ya mto, na nilijikuta naongea na huo badala ya kuongea naye. Nikasema samahani, nikasema sikujua la kufanya, nikasema mengi.

"Wacha," akanikatiza, bila ukali. "Hii tulifanya wawili. Mimi ndiye niliyekutuma. Mimi jina lako sitalitaja, hata wakiniuliza namna gani. Lakini yule ndugu hakufanya kitu, na leo yuko kwake, watoto wanamwangalia."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi ni mgonjwa."

Mkewe alirudi na maji. Nikaaga.

Ningependa kusema kwamba nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa meneja. Nilikaa siku nne zaidi. Nilikwenda kazini, nilikaza skrubu, nilibadilisha taa. Nilipiga hesabu za kijinga: kwamba mimi ndiye ninayemlipia ndugu yangu masomo kule Nchiru, kwamba fundi mwanamke akifukuzwa hatapata kwingine, kwamba mambo yatapoa. Siku ya nne mwanamke mmoja wa kuchambua majani, bila nia mbaya, aliniambia, "Watu wa mjini wana haraka. Ona sasa." Nikaweka bisibisi chini, nikaenda.

Meneja hakuniamini. Alidhani namtetea yule mtu kwa sababu sote wawili ni wageni. Nikamwomba amwite mkaguzi, na amwite yule mwenzake pia, na nitawaonyesha.

Walikuja baada ya siku mbili. Nilipanda juu nao wote wakinitazama, nikaweka moja, nikawaonyesha kitabu, ukurasa na pembetatu yake, kisha nikawasha mkanda. Tukashuka. Nikamwomba mkaguzi ahakikishe hakuna mtu karibu na mkanda, na amrudishe meneja juu mlangoni mwa chumba cha paneli, aone mwenyewe kwamba swichi haiguswi. Nikabonyeza kitufe. Mkanda ukasimama. Nikakifungua.

Mkanda ukaondoka.

Ulikuwa mtupu, hauna majani, na ulikwenda polepole kama kawaida yake, lakini watu wote tulirudi nyuma. Mtu mmoja alisema "Mungu wangu" kwa Kimeru. Yule mwenzake aliutazama ukipita, ukipita, kisha akaketi sakafuni pale alipokuwa, akaficha uso kwenye magoti. Nilisimama mkono ungali juu ya kitufe, na hakuna aliyeniambia nizime, mpaka mkaguzi akanyoosha mkono wake mwenyewe akakibonyeza.

Nilifukuzwa siku hiyo. Ilikuwa haki. Ripoti iliandikwa upya, mzee akaandikiwa kwamba hakudanganya, na mwenzake akaitwa arudi kazini. Hakurudi.

Kabla ya kuondoka Meru nilimtafuta nyumbani kwake mjini. Nilimkuta mlangoni anatengeneza kiti. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza pia. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama juani.

"Nimekusikia," akasema. Akaendelea na kiti kidogo. "Dada, mimi niliushika ule mkono. Kabla hawajaja wenye spana, mimi ndiye niliyeushika. Halafu mkaniambia mimi ndiye niliyewasha. Kuna siku nilianza kuamini. Nilijiuliza, pengine nilipanda kweli nikasahau. Mke wangu aliniuliza, una uhakika? Mke wangu." Akanitazama mara ya kwanza. "Hicho siwezi kukusamehe. Cha mkanda nimekusamehe. Hicho kingine, bado."

Nilirudi Embu. Mama yangu alikuwa anapepeta ndengu uani. Akaona mfuko wangu wa zana na godoro, akasogeza ungo kando. Nilimweleza yote kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu ilisikika vibaya zaidi, kwa sababu hatuna neno la draivu wala la mpangilio. Lililobaki lilikuwa kwamba mtu alinitendea mema, nikamsababishia hasara ya mkono, nikaficha. Mama hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mke wa huyo mzee ni mzima?" Nikasema ni mzima. "Basi yeye ndiye utakayemwogopa," akasema, akaendelea kupepeta.

Miezi mitatu nilikaa bila kugusa waya. Kisha mzee akanipigia simu mwenyewe. Alisema ana kazi, na inahitaji mtu mwenye vidole vya kutulia.

Mzee alikuwa akiunganisha miche ya avokado, kazi aliyoifanya kila Jumamosi kabla ya ajali, na majirani walikuwa wakimfuata kwa ajili hiyo. Unakata ncha ya mche wa kienyeji, unaipasua kidogo, unachonga kijiti cha avokado ya kisasa kikawa kama kabari, unakichomeka, unafunga kwa utepe wa nailoni. Kisu kilikuwa bado na mkono wake wa kulia. Lakini kisu hakifanyi kitu kama hakuna mkono wa kushika mche, na wa kushika ulikuwa umekwenda. Alikuwa amejaribu kuushika kwa magoti. Alikuwa amejaribu kwa meno. Nilipofika nilikuta miche mingi imechanwa vibaya, imekauka, imepangwa pembeni kwa safu nadhifu.

Basi nikawa nashika. Nilikuwa nimeshapata kazi Kianjai, ya kutengeneza pampu za visima, na Jumamosi nilivuka Meru nzima kwenda kwake. Tulikaa kwenye viti viwili vifupi chini ya kivuli cha wavu. Yeye alikata, mimi nilishika; yeye alichomeka, mimi nilifunga. Mwanzoni kisu chake kilipokaribia vidole vyangu alisita. Nikamwambia akate tu. Hatukuongea juu ya mkanda. Aliniuliza habari za pampu, za joto la Kianjai, za mama yangu. Wakati mwingine bega lake la kushoto lilisogea mbele, likataka kufanya kitu, kisha likarudi, naye akaendelea.

Mama, mkewe, hakuongea nami. Alileta chai vikombe viwili, akaweka kimoja mbele ya mzee na kingine akakiweka mahali fulani katikati, ili ionekane si lazima kiwe changu. Siku moja nilimkuta jikoni akimfunga mzee vifungo vya shati. Akaona nimeona. Akanifuata nje.

"Mzee na wewe mmemalizana," aliniambia. "Anasema ni mambo ya mashine. Mimi bado sijafika hapo. Usinisukume."

"Sitakusukuma, mama."

"Kila asubuhi namfunga vifungo. Naye kila asubuhi ananiambia asante, kama mgeni. Miaka thelathini hajawahi kuniambia asante kwa kitu kama hicho." Akapangusa mikono kwenye leso. "Nilitaka tu ujue hiyo."

Nilijua, na najua hadi leo.

Ile miche ilishika. Msimu wa pili watu walikuja kuichukua hata kutoka ng'ambo ya mto, na mzee akawa anawaambia kwa majivuno kwamba imeunganishwa kwa mikono mitatu. Wengine hawakujua wacheke au wanyamaze. Yeye alicheka. Mwaka uliofuata, Julai, baridi ikiwa kali, alipata homa ya mapafu. Alilazwa Jumatatu, na Ijumaa mkewe alinipigia simu, mara ya kwanza kunipigia. "Ameenda," akasema. Kisha, nilipokuwa nakaribia kukata simu: "Kuja."

Mazishi yalikuwa shambani kwake. Watu walikuwa wengi, wa kanisani, wa kiwandani, na wa miche. Sikutaka kusogea karibu. Nilisimama nyuma, karibu na wanawake wa sufuria, nikawasaidia kumenya viazi ili mikono iwe na kazi. Mchungaji aliongea juu ya kuvumilia. Mtoto wao mkubwa aliongea juu ya baba yake na hakutaja mashine hata kidogo, jambo ambalo nilimshukuru kwalo moyoni. Mama hakuniita mbele, wala sikutarajia. Lakini waliposhusha jeneza niliinua macho, nikamkuta ananitazama, na hakuyaondoa macho haraka.

Wakati wa kufukia, wanaume walipokezana sepetu. Mmoja wao alikuwa yule mwenzake wa mkanda. Sikuwa nimemwona akifika. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe, amekunja mikono ya shati, na alifukia muda mrefu kuliko wengine, mpaka mtu akamgusa bega kumpokea. Akatoka pale anahema, akapita karibu na mahali niliposimama, akapunguza mwendo.

"Umetoka wapi leo?" akaniuliza.

"Kianjai."

"Kianjai." Akapangusa udongo viganjani, akatazama mawingu yaliyokuwa yanashuka kutoka mlimani. "Ni mbali."

"Ni mbali," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kumpa mama pole. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia hema, nami nikasaidia kuingiza sufuria.